Mtoto wa Darasa la Nne Asiyejua Kusoma: Mwongozo Kamili wa Kumtoa Pale Alipokwama

Kila Darasa la Tatu na la Nne lina watoto wanaojificha. Zamu ya kusoma ikimkaribia, mmoja anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwingine anachonga penseli ambayo tayari ina ncha. Wa tatu anasoma ukurasa mzima bila kukosea huku macho yake yakiwa kwenye picha, kwa sababu aliusikia kwa wenzake akaukariri. Hawa si watoto wavivu. Ni watoto wanaofanya kazi kubwa kila siku ili siri yao isijulikane, na kazi hiyo inawachosha kuliko masomo yenyewe.

Tanzania Bara, mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulioanza 2015 ulitenga madarasa mawili ya kwanza kwa ajili ya KKK. Mtoto akishavuka hapo bila kujua kusoma, vitabu havimsubiri tena. Sayansi, Jiografia, hata mafumbo ya Hisabati, vyote vinamchukulia kuwa ni msomaji. Kwa hiyo anapoteza masomo yote kwa mpigo, ingawa tatizo lake ni moja.

Ninaloliamini, na ambalo mwongozo huu umejengwa juu yake, ni hili: mtoto huyo amekwama mahali mahususi panapoweza kuonekana. Mmoja hajui kuunganisha sauti mbili. Mwingine anasoma silabi zote vizuri lakini neno refu linamvunjikia mdomoni. Mwingine anasoma aya nzima bila kujua imesema nini. Watatu hawa wakipewa somo moja, wawili watapoteza muda. Kwa hiyo kazi huanza kwa kutafuta mahali alipokwama, kisha kumfundisha kuanzia hapo, hata kama pako madarasa mawili nyuma ya darasa analokaa.

Kwanza, mpime peke yake

Kila mtoto anahitaji dakika tano hivi. Kaa naye mahali ambapo wenzake hawasikii: chini ya mti, kwenye kona ya ofisi, popote. Mwambie kwamba huu si mtihani na hakuna alama, unataka tu kujua umsaidie kuanzia wapi.

Andaa karatasi moja kwa mkono wako, herufi kubwa na safi. Juu weka silabi kumi: ma, ku, ti, be, lo, sha, nya, dho, mbe, ng'o. Chini yake maneno kumi: kuku, meza, sahani, jembe, mchanga, shoka, nyanya, ng'ombe, mbwa, kiangazi. Kisha maneno matatu yasiyo na maana: mepu, shalo, ndife. Haya ndiyo yanayomfichua aliyekariri, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyasikia. Halafu aya fupi:

"Asha ana mbuzi mweupe. Jana mbuzi alikata kamba akaingia shambani kwa jirani. Alikula mahindi mengi. Jirani alikasirika, lakini Asha aliomba radhi."

Mwisho muulize: kwa nini jirani alikasirika? Na: wewe ungekuwa Asha, ungefanya nini ili mbuzi asirudi tena kule?

Utaratibu wa namna hii, wa kupanda kutoka silabi kwenda neno, aya na hadithi, ndio uliotumiwa na watafiti wa mpango wa Uwezo walipokwenda majumbani Kenya, Tanzania na Uganda kupima watoto. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji vifaa wala utaalamu. Andika ngazi ya juu kabisa ambayo mtoto aliisoma bila kuhangaika, pamoja na tarehe. Andika pia makosa yenyewe: alisoma "mbwa" kama "mba", "nyanya" kama "nana". Kosa moja lililoandikwa lina faida kuliko alama ya asilimia, kwa sababu linakuambia kesho ufundishe nini.

Ukimshuku mtoto amekariri kitabu, mwombe asome sentensi kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Msomaji atafanya hivyo polepole, aliyekariri atanyamaza.

Kabla ya kulaumu akili, angalia mwili na lugha

Mtoto anayekunja macho, anayesogeza daftari hadi puani, au anayenakili vibaya kutoka ubaoni lakini vizuri kutoka kwenye daftari la jirani, apelekwe kupimwa macho. Kwa masikio, simama nyuma yake utamke maneno yanayokaribiana naye ayarudie: pata, bata, fua, vua, kali, gari. Asiyetofautisha anahitaji daktari kwanza, kisha dawati la mbele. Na anayesinzia kila siku saa nne asubuhi, huenda hajala tangu jana.

Lugha ni jambo pana zaidi. Mtoto wa kijiji cha Shinyanga anayezungumza Kisukuma nyumbani, au wa Longido anayezungumza Kimaasai, anaweza kuingia shuleni akiwa na maneno machache ya Kiswahili. Kumfundisha kusoma maneno asiyoyajua ni kumfundisha kelele. Mpe mazungumzo kwanza: ataje vitu, aeleze picha, aigize. Kama mwalimu au mwanafunzi mwenzake anaijua lugha yake, itumike kumweleza maana bila kuona aibu.

Na tafadhali tofautisha lafudhi na kushindwa kusoma. Mtoto anayesoma "dhahabu" akatamka "zahabu", au "kalamu" akatamka "karamu" kwa sababu ndivyo wanavyotamka kwao, ameshasoma. Matamshi yana wakati wake. Ukimkatiza hapo, unamfundisha kwamba hata anapopatia amekosea.

Wapange kwa ngazi, si kwa darasa

Chukua watoto sita hadi kumi walio ngazi moja, hata kama wanatoka Darasa la Tatu, la Nne na la Tano. Wakutane kila siku, muda uleule, kati ya dakika arobaini na saa moja. Siku tano za dakika arobaini zinazaa matunda kuliko Jumamosi moja ya saa nne mfululizo, maana kilichojifunzwa leo kisiporudiwa kesho hupotea.

Shirika la Pratham la India limejenga kazi yake kwa njia hii na imeenea hadi nchi kadhaa za Afrika. Jirani zetu nao wana ushahidi wao: katika utafiti wa Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa 2011, watoto wa Darasa la Kwanza waligawanywa kulingana na uwezo walioanza nao, na walionufaika ni wote, walio nyuma na walio mbele. Sababu ni rahisi kuielewa: mwalimu aliweza kufundisha pale watoto walipokuwa.

Lakini kundi lina hatari yake. Likidumu bila kubadilika linageuka kuwa gereza, na shule nzima italijua kama kundi la "wazito" hata ukilipa jina la ua au ndege. Kinachomlinda mtoto ni kuona kwamba watu wanatoka humo. Kila baada ya wiki nne pima upya, na aliyepanda ngazi ahamie siku hiyohiyo.

Silabi: hapa ndipo wengi walipoachwa

Tumebahatika. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, irabu ni tano tu, na kila moja ina sauti moja popote inapokaa. Mtoto mwenye umri wa miaka kumi, anayekuja kila siku, anaweza kuvuka ngazi hii kwa haraka kuliko alivyotarajia yeye mwenyewe.

Kinachomchelewesha mara nyingi ni majina ya herufi. Tukimfundisha "be, a", kisha tukamwambia aunganishe, kwa haki kabisa atasema "bea". Mfundishe sauti ya herufi badala ya jina lake. Anza na konsonanti ambazo sauti yake inaweza kuvutwa, kama m, l na s: mmmm-a, ma. Hapo anasikia kwa masikio yake jinsi sauti mbili zinavyoyeyukiana. Kisha ongeza k na t.

Konsonanti hizi tano na irabu tano zinakupa silabi ishirini na tano, na silabi hizo zinatosha kwa maneno mengi: kiti, moto, kisu, lima, meli, samaki, salamu, kelele, kamusi. Pamoja na irabu zenyewe, zinatosha hata kwa sentensi: "Mama alileta samaki." "Kaka alikata tikiti." Mtoto aliyefeli kwa miaka mitatu anaposoma sentensi nzima yenye maana katika wiki zake za mwanzo, anakaa tofauti kwenye kiti. Kwa hiyo usisubiri amalize herufi zote ndipo umpe sentensi.

Vifaa viko mtaani. Kusanya vizibo vya soda, andika silabi moja kwenye kila kizibo kwa maka peni. Mtoto apange "kata". Toa "ta" uweke "ma", inakuwa "kama". Toa "ka" uweke "se", inakuwa "sema". Badili "se" kwa "so", inakuwa "soma". Toa "ma" uweke "ka", inakuwa "soka". Vidole vyake vinahama, na anaona kwamba neno ni kitu kinachojengwa na kubomolewa. Dakika kumi za mchezo huu kila siku ni bora kuliko kuimba chati ya ba-be-bi-bo-bu ukutani, ambayo huimbwa kwa kumbukumbu ya wimbo na si kwa macho. Ukitaka chati, nyuma ya kalenda ya zamani au upande safi wa mfuko wa saruji panatosha, ila silabi zisifuatane kwa mpangilio wa a-e-i-o-u. Zichanganye.

Kila anachosoma akiandike pia, kwa imla. Anayeweza kuandika "samaki" bila kunakili amelimiliki neno hilo.

Yako maeneo manne yanayosumbua karibu kila mtoto, na yanahitaji siku zake yenyewe. La kwanza ni herufi zinazosimama pamoja kwa sauti moja: sh, ch, ny, dh, th, gh. Ziandikwe kwenye kizibo kimoja, zisitenganishwe. La pili ni ng na ng': weka "ngoma" na "ng'ombe" kwenye mstari mmoja, watamke wakiwa wameshika pua, wasikie tofauti. La tatu ni m inayosimama peke yake kama silabi: m-tu, m-ti, m-lima. Mtoto anayetafuta irabu baada ya m husoma "mutu" au "mitu". Mfundishe kwamba hapa midomo inafungwa, inavuma kidogo, kisha inaendelea. Na atambue kwamba "mbu" ni m-bu, ilhali "mbuzi" ni mbu-zi. La nne ni irabu mbili: kaa, juu, choo, saa, paa. Piga kofi kwa kila irabu, kofi mbili, mbili.

Neno refu, adui wa Darasa la Nne

Hapa ndipo wanapoanguka watoto ambao walimu wao walidhani wameshajua kusoma. Kiswahili hupakia sentensi nzima ndani ya neno moja. "Wanaotusaidia" lina silabi nane. Mtoto anazisoma zote, wa-na-o-tu-sa-i-di-a, kwa uzito uleule, na anapofika mwisho mwanzo umeshapotea. Amesoma, lakini hajasikia neno.

Njia ninayoiamini ni kujenga kutoka nyuma. Andika "saidia". Alisome kama neno. Ongeza mbele: "tusaidia". Ongeza tena: "wanaotusaidia". Sababu ya kuanzia nyuma ni kwamba mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukijenga hivi mkazo haumhami mtoto, neno linabaki na sauti anayoijua. Mfundishe pia kuusikia mkazo huo: asome silabi moja moja, kisha aseme neno lote kama anavyolisema akiwa nyumbani. Mara nyingi unamwona anashtuka, "Kumbe ni *kiangazi*!"

Fanyeni mazoezi ya familia za maneno: cheza, wanacheza, waliocheza, hawakucheza, watakapocheza. Wapige mstari chini ya "cheza" kila mahali. Baada ya siku chache macho yanaanza kuona vipande: "wana", "wali", "hawaku", "wataka-po". Hapo kasi inapanda yenyewe.

Kasi, kwa kurudia

Chagua habari fupi na ikae siku tatu. Siku ya kwanza isome wewe, wao wafuate kwa kidole, kisha msome pamoja. Siku ya pili wasome wawili wawili, mmoja akisoma mwingine akishika kidole chini ya neno. Siku ya tatu kila mtu peke yake, kwa sauti ya mtu anayesimulia. Kurudia huku ndiko kunakomtoa kwenye kugugumia.

Ukitaka kipimo, hesabu maneno aliyosoma sawasawa kwa dakika moja. Anayefika maneno 45 hadi 50 ya Kiswahili ana kasi ya kutosha kubaki na maana kichwani. Lakini mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita tu. Mashindano ya kasi huzaa watoto wanaokimbia bila kuelewa, na humrudisha mafichoni yule wa mwisho.

Maana, tangu sentensi ya kwanza

Usiahirishe ufahamu hadi "watakapojua kusoma". Baada ya "Kaka alikata tikiti", uliza: alilikata kwa nini? Na kisu alitoa wapi? Swali ambalo jibu lake haliko kwenye maandishi ndilo linalomfanya mtoto afikiri. Kwenye hadithi, simama katikati: sasa itakuwaje? Kila jibu lenye sababu likubaliwe.

Vitendawili ni hazina hapa. Andika kitendawili upande mmoja wa kadi na jibu upande wa pili. "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Mtoto anaisoma kadi kimyakimya, anaisoma tena ili asikwame, kisha anawageukia wenzake: "Kitendawili!" Nao: "Tega!" Amesoma kwa hiari, mbele za watu, na yeye ndiye anayejua jibu. Sijaona zoezi la bei rahisi kuliko hili linalompa mtoto hadhi kubwa namna hii.

Kwa mtoto mkubwa, wa miaka kumi na mbili kwa mfano, anayeona aibu kusoma habari za "kuku wa Bibi", mwambie akusimulie jambo lake: mechi ya jana, jinsi ya kuchunga ng'ombe, safari ya kwenda kwa shangazi. Andika maneno yake kama alivyoyasema, sentensi tano au sita. Hicho ndicho kitabu chake cha wiki. Maana anaijua tayari, nguvu zote zinabaki kwa kusoma.

Namna ya kumkosoa

Akikwama, nyamaza. Hesabu polepole moja hadi tano moyoni kabla hujamsaidia, na zuia wenzake wasirukie jibu. Liwe agizo la kundi tangu siku ya kwanza. Kisha mwoneshe silabi iliyomshinda tu, aisome, alirudie neno, aianze sentensi upya. Kumpa neno zima kila mara kunamzoesha kukusubiri wewe.

Sifa ziwe za jambo alilofanya: "Umerudi mwenyewe ukalirekebisha lile neno, umefanya vizuri." Sifa ya jumla hata yeye haiamini. Na fimbo, kicheko na kumsimamisha mbele ya darasa viwekwe mbali kabisa. Mtoto mwenye hofu anatumia akili yake kujilinda, haibaki ya kusomea.

Akishaimudu habari moja vizuri, mpeleke akawasomee watoto wa Darasa la Kwanza, au akamsomee mdogo wake nyumbani. Ajiandae siku mbili. Hapo anakuwa kaka au dada anayejua kusoma, na watoto wadogo hawana habari ya historia yake.

Nyumbani

Mzazi asiyejua kusoma bado ana kazi muhimu: kuketi na mwanawe dakika kumi, kumsikiliza, na kumuuliza, "Haya, hadithi ilikuwa inasema nini?" Mwite mzazi umwambie hivyo kwa heshima, na umwombe asimlinganishe na ndugu zake. Maandishi yapo hata pasipo na vitabu: mfuko wa unga, bango la duka, jina la daladala. Mwenye simu anaweza kupata bure hadithi fupi za Kiswahili zilizopangwa kwa ngazi katika maktaba ya mtandaoni ya African Storybook.

Pwani na Visiwani, uliza pia kuhusu chuoni, yaani madrasa. Mtoto anayesoma juzuu kwa kuunganisha herufi na irabu zake ameshaonesha kwamba akili yake inaweza kufungamanisha alama na sauti. Mwambie hivyo waziwazi: "Ulichofanya kule ndicho tunachofanya hapa."

Asipopanda ngazi

Baada ya wiki nane hadi kumi za kuja kila siku, watoto wengi watakuwa wamesogea. Yule asiyesogea, ambaye anazungumza kwa akili, anasimulia vizuri, lakini silabi za jana leo hazijui na b na d bado zinamgeukia akiwa Darasa la Nne, huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma usiotokana na upungufu wa akili. Haiondolewi na adhabu wala marudio ya darasa. Ongea na mzazi, mwone afisa wa elimu maalumu wa halmashauri, na wakati huohuo mfundishe silabi chache zaidi kwa siku, aziandike kwa kidole mchangani huku akizitamka. Kwenye masomo mengine asomewe maswali na apewe nafasi ya kujibu kwa mdomo, ili asifeli Sayansi anayoijua kwa sababu ya kusoma kunakomshinda.

Na aliyefika ngazi ya hadithi asiachiwe ghafla. Kwa muhula mmoja zaidi akutane nawe mara moja kwa wiki, aje na kitabu cha Sayansi au Jiografia cha darasa lake. Msome ukurasa mmoja, mtafute pamoja maneno matatu magumu na maana zake, kisha akueleze ukurasa huo kwa maneno yake. Mwambie mwalimu wa somo ni ukurasa upi ameuandaa, ili siku ya kipindi aulizwe kuhusu huo kwanza.